Kompyuta ya Umma, Ufunguo wa Nani?

Wiki tatu zilizopita nilialikwa kuwa mjumbe kutoka nje katika kamati ya kuondosha mali chakavu ya taasisi moja ya umma. Sitaitaja, kwa sababu kosa nitakalolisimulia si lake peke yake. Wengi mnaosoma hapa mnakaa ofisini mbele ya kosa hilohilo kila siku. Mezani paliwekwa orodha ya kompyuta 62 za mezani zilizonunuliwa mwaka 2017. Safu ya mwisho ya orodha hiyo ilikuwa na neno moja lililorudiwa mara 62: "Haifai." Nikauliza zimeharibika nini. Afisa wa TEHAMA, kijana muungwana anayeijua kazi yake, akanijibu bila kuzunguka: "Mwalimu, hazijaharibika. Zinawaka zote. Tatizo ni kwamba hazikubali Windows 11."

Naandika makala haya kwa sababu ya jibu hilo, na kwa sababu ya jambo lililofuata, ambalo lilinishangaza zaidi.

Tuanze na hesabu, maana katika ofisi za umma hoja isiyo na hesabu haisikilizwi. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma kwa mfumo wake wa Windows 10. Tangu siku hiyo kompyuta inayotumia mfumo huo inaendelea kuwaka kama kawaida, lakini haipati tena bure viraka vya kuziba matundu ya usalama. Mfumo uliofuata, Windows 11, unadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa mashine nyingi zenye kichakato cha Intel, kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta zile 62 zina kizazi cha saba. Zimekosa kwa ngazi moja. Taasisi inayotaka kuendelea kupata viraka inaweza kuvinunua kwa muda usiozidi miaka mitatu: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Shule na vyuo vilipangiwa bei ndogo mno, lakini taasisi hii si chuo. Kwa mashine 62 ni dola 3,782 mwaka wa kwanza, na dola 26,474 kwa miaka yote mitatu. Baada ya hapo, mnada au jalala.

Mimi si mhandisi wa kompyuta. Nafundisha siasa za maendeleo. Lakini najua jambo moja ambalo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kulijua: kompyuta na mfumo endeshi ni vitu viwili. Kompyuta ni chuma. Mfumo endeshi ni programu kuu inayokiongoza chuma hicho, na chuma kimoja kinaweza kubeba mifumo miwili, mitatu au zaidi, kila mmoja ukiwa katika sehemu yake ya diski. Unapowasha mashine, programu ndogo inakuwekea orodha kwenye skrini na kukuuliza leo unataka kuingia wapi. Unachagua, inakupeleka. Ukitaka kuhama, unazima na kuwasha tena. Kwangu nyumbani imekuwa hivyo tangu mwaka 2007, siku nilipopokea katika sanduku langu la posta bahasha yenye CD ya Ubuntu, zama zile ambapo mradi huo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini ulikuwa ukizituma bure duniani kote.

Basi nikapendekeza hivi: Windows 10 ibaki katika sehemu yake, ikiwa imekatwa na intaneti, kwa ajili ya ile programu ya zamani ya leja ambayo wahasibu wanasema haifanyi kazi kwingine. Kando yake iwekwe Linux, ambayo haina ada ya leseni na inapata viraka vya usalama bila malipo, kwa ajili ya barua, majedwali, barua pepe na mifumo ya serikali inayofunguliwa kwa kivinjari. Diski zina nafasi ya GB 500, na wengi hawajajaza hata robo yake. Mwenyekiti akasema tujaribu kwa mashine moja. Nilikuwa na flashi mkobani. Tukashuka chini, tukaichomeka, tukawasha, tukabonyeza kitufe cha kuingia katika mipangilio ya ndani ya mashine ili tuiambie isome flashi badala ya diski.

Mashine ikadai neno la siri.

Afisa wa TEHAMA hakulijua. Mtangulizi wake, aliyepigiwa simu, naye hakulijua. Neno hilo liliwekwa mwaka 2017 na mzabuni aliyezileta kompyuta, "kwa usalama", na halikukabidhiwa kwa mtu yeyote. Mkataba wa mzabuni ulikwisha miaka mingi iliyopita, na simu zake hazipatikani. Tukajaribu mashine ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote zilikuwa zimefungwa vilevile.

Kijana akaniambia taratibu, kana kwamba anaona aibu kwa niaba ya nchi nzima, kwamba kulifuta neno hilo ni kazi ya dakika tano: unafungua kasha, unahamisha kipini kidogo kwenye ubao mama, unakirudisha, basi. Lakini kila kasha lina kibandiko kinachosema lisifunguliwe na mtu yeyote isipokuwa mzabuni, na kuna waraka wa ndani unaokataza watumishi kukivunja. Akivunja, mkaguzi atamuuliza. Nikamgeukia Mwenyekiti nikamwuliza kama nimeelewa sawasawa. Alitikisa kichwa kukubali. Kamati ile ina mamlaka ya kuzitupa kompyuta 62. Haina mamlaka ya kuzifungua.

Ndugu zangu, hapo ndipo suala linapoacha kuwa la kiufundi. Mali iliyonunuliwa kwa kodi ya muuza nyanya na mwalimu wa shule ya msingi ilikuwa ndani ya jengo la umma, katika daftari la mali ya umma, kwenye meza ya mtumishi wa umma, huku ufunguo wake ukiwa kwa mtu binafsi ambaye hata hatumwoni. Kwa miaka minane hakuna aliyegundua, kwa sababu kwa miaka minane hakuna aliyejaribu kuchagua. Kufuli la namna hii halikusumbui mpaka siku unayotaka kwenda mahali ambapo mwenye ufunguo hakukupangia.

Wapo watakaosema nimekuza jambo dogo. Skrini inayokaa sekunde kumi na kuuliza "uende huku au kule" ina siasa gani? Ina siasa nyingi, na historia yake ipo mahakamani.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na mfumo endeshi mzuri ulioitwa BeOS, kazi ya kampuni ndogo ya Marekani iliyoongozwa na Jean-Louis Gassée. Kampuni hiyo iliwaambia watengenezaji wa kompyuta: wekeni mfumo wetu kando ya Windows, hatutawatoza kitu. Hitachi ya Japani ilikubali, ikauza kompyuta zenye mifumo yote miwili ndani ya diski. Lakini mnunuzi alipowasha, hakuona orodha yoyote ya kuchagua. Windows ilifunguka moja kwa moja. BeOS ilikuwemo, imelala ndani ya mashine aliyoilipia, na ili aifikie ilimbidi kwanza ajue kwamba ipo, kisha atafute maelekezo ya kuifukua. Be ilidai mahakamani mwaka 2002 kwamba masharti ya leseni za Microsoft ndiyo yaliyowafunga mikono watengenezaji wasiiweke ile orodha. Mwaka 2003 Microsoft ilikubali kulipa dola 23,250,000 kuimaliza kesi, bila kukiri kosa. Fedha zilikuja kampuni ikiwa imekwisha kufa. Mali zake zilikuwa zimeuzwa mwaka 2001.

Katika kesi nyingine, ile kubwa ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft kuhusu ukiritimba, hukumu ya mwisho ya Novemba 2002 iliweka kifungu ambacho ningependa kila afisa ugavi akifahamu. Kiliizuia Microsoft isiwakataze watengenezaji kumpa mtumiaji fursa ya kuanzisha mfumo mwingine kabla Windows haijaanza. Tafakarini hilo. Mahakama ya taifa kubwa, katika shauri la ukiritimba wa soko zima, ilishuka mpaka kwenye ile skrini ya sekunde kumi na kuilinda kwa maandishi. Majaji hawakuiona kuwa jambo dogo. Walijua kwamba anayeamua kitakachoanza kwanza ndiye anayeamua kama vingine vyote vitaonekana.

Hukumu hiyo ilifikia ukomo mwaka 2011. Windows 8 ilipokuja mwaka 2012, ilileta sharti jipya: kompyuta zinazotaka nembo ya kuthibitishwa na Microsoft ziwe na kinga iitwayo Secure Boot. Kinga hii hukagua saini ya kidijitali ya programu inayoanza kabla ya kuiruhusu, na kompyuta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na funguo za Microsoft za kukagulia saini hizo. Ndiyo maana miradi mikubwa ya Linux hulazimika kuipeleka programu yake ndogo ya kuwashia ikasainiwe na Microsoft, kampuni iliyo mshindani wao. Kwa kompyuta za kawaida za wakati ule, sharti la Windows 8 lilimtaka mtengenezaji amwachie mwenye mashine uwezo wa kuizima kinga hiyo. Windows 10 ilipofika mwaka 2015, hilo likaachwa kwa hiari ya mtengenezaji.

Sitaki kueleweka vibaya. Secure Boot si hila tupu. Wapo wadudu wabaya wanaojipenyeza kabla mfumo haujaamka, na kufuli hili limetengenezwa kwa ajili yao. Mlango wa nyumba unahitaji kufuli. Sijawahi kumshauri mtu alale mlango wazi. Ninachouliza ni kile ambacho mpangaji yeyote wa Manzese angemuuliza mwenye nyumba siku ya kwanza: funguo ziko ngapi, na nani anazo?

Umuhimu wa swali hilo ulionekana Agosti 2024. Tarehe 13 ya mwezi huo Microsoft ilitoa sasisho la usalama lililozuia matoleo ya zamani ya programu za kuwashia Linux ambayo yalikuwa na udhaifu. Nia ilikuwa njema. Kampuni ilikuwa imesema kwamba sasisho hilo halitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Likazigusa. Watu katika nchi mbalimbali waliwasha mashine zao asubuhi, wakachagua Linux, wakakutana na ujumbe kwamba kuna jambo limekwenda kombo vibaya, kisha mashine ikajizima. Tiba ilikuwepo: ingia katika mipangilio ya ndani, zima Secure Boot kwa muda, ingia Linux, futa ile sera, washa tena kinga. Aliyekuwa na neno la siri la mashine yake alipona ndani ya robo saa. Sasa fikirini ofisi yenye kompyuta ambazo neno lake la siri alikwenda nalo mzabuni.

Najua pingamizi zitakazoletwa, na nyingine zina uzito. Nizijibu moja moja.

La kwanza litakuja kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Nimelisikia hili hata katika kikao kile. Lakini methali inamsema anayeshika viwili kwa wakati mmoja. Kompyuta ya namna hii haiendeshi mifumo miwili pamoja. Inakuuliza uchague mmoja na mwingine unalala. Na sisi ndio watu wa mwisho duniani kuogopa mpangilio wa namna hiyo. Tuna saa moja ukutani na tunaisoma kwa njia mbili: ya Kiswahili na ya Kizungu, tofauti ya saa sita, na hakuna aliyekosa harusi kwa sababu hiyo. Bahati nzuri mfano wenyewe unaikuta kompyuta mlemle. Linux kwa kawaida huandika katika saa ya mashine muda wa kimataifa, na Windows huisoma saa hiyohiyo kama muda wa hapa. Kwa hiyo, ukitoka Linux na kuingia Windows ukiwa Dar es Salaam au Nairobi, saa inarudi nyuma saa tatu kamili. Wengi wanadhani mashine imeharibika. Haijaharibika, wakazi wawili wa nyumba moja hawajakubaliana namna ya kuhesabu. Ni amri moja tu ndani ya Linux, na wamekubaliana.

La pili ni la Munich. Watasema jiji hilo la Ujerumani lilijaribu Linux likashindwa. Ni kweli kwamba baraza la jiji lilianza safari hiyo mwaka 2003, na kwamba mwaka 2017 lilipiga kura kurudi Windows. Lakini katikati ya tarehe hizo kompyuta zipatazo 15,000 zilihamishwa na watumishi wakafanya kazi kwa miaka. Na katika Ujerumani hiyohiyo, mwaka 2024 serikali ya jimbo la Schleswig-Holstein iliamua kuhamisha vituo vya kazi vipatavyo 30,000. Mfano wa Munich unatufundisha kwamba uamuzi wa siasa hujengwa na siasa na hubomolewa na siasa. Hautufundishi kwamba chuma kilikataa. Tena mimi siombi kuhama. Naomba mlango wa pili katika nyumba ileile, ili anayetaka kutoka atoke na anayetaka kubaki abaki.

La tatu ni zito zaidi: watumishi watapata wapi mafunzo? Programu isiyo na ada ya leseni haimaanishi kazi isiyo na gharama. Lazima mtu alipwe kufundisha, lazima mtu ajibu simu mhasibu anapokwama saa tano asubuhi siku ya mishahara. Ninakubali kabisa. Lakini tuulizane, zile dola 26,474 za viraka zingebaki wapi? Zingetoka nje ya nchi, na mwaka wa nne tungekuwa palepale, na mashine zilezile, bila ujuzi ulioongezeka kwa mtu hata mmoja. Fedha hiyo ikimlipa kijana wa hapa afundishe watumishi, mwaka wa nne kijana yupo, ujuzi upo, na mashine zinawaka.

Tena hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokikutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Waliifanya kazi hiyo bila kuomba kibali cha mtu, kwa sababu leseni ya programu ile iliruhusu yeyote kuifungua, kuitafsiri na kuigawa. Walilazimika kukaa chini na kutafuta maneno ya Kiswahili kwa mamia ya vitu ambavyo hatukuwa tumevipa majina. Miaka ishirini baadaye, ni wangapi kati ya wanafunzi wangu wamewahi kuisikia kazi hiyo? Nimeuliza darasani. Mikono miwili.

Kwa wanafunzi nina neno la vitendo, maana najua baadhi yenu mtafunga ukurasa huu na kukimbilia kwenye kompyuta mpakato zenu. Msikimbie. Mifumo miwili katika mashine moja ni kazi rahisi kwa aliyejiandaa na msiba kwa asiyejiandaa. Kwanza nakilini tasnifu na picha zenu zote kwenye diski ya nje, na muifungue hiyo nakala muone kama inasomeka. Pili, angalieni kama Windows yenu imefunga diski kwa BitLocker. Kama imefunga, tafuteni ufunguo wa kurejesha na muuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa chochote, maana ukibadilisha mipangilio ya kuwashia, Windows inaweza kuudai. Tatu, zimeni ule uwashaji wa haraka wa Windows, ambao huiacha diski ikiwa nusu usingizi kiasi kwamba Linux haiwezi kuiandika kwa usalama. Nne, punguzeni sehemu ya Windows kwa kutumia chombo cha Windows yenyewe, muache nafasi tupu ya GB 50 au zaidi. Tano, jaribuni Linux kutoka kwenye flashi kwanza, bila kusakinisha. Hakikisheni sauti, Wi-Fi na kamera vinafanya kazi. Ndipo msakinishe, mkichagua kuweka kando ya Windows, wala si kufuta diski. Soma kila swali mara mbili kabla ya kubonyeza. Neno "futa" katika kompyuta halina mzaha.

Kwa watumishi wa umma nina ombi tofauti, na hili halihitaji flashi wala ujuzi. Kesho asubuhi mwulize afisa wako wa TEHAMA swali moja: neno la siri la mipangilio ya ndani ya kompyuta zetu analo nani? Kama limo katika bahasha iliyofungwa ndani ya kabati la ofisi, mpongeze, tena mbele ya watu. Kama hajui, usimlaumu. Yawezekana alikabidhiwa ofisi kama wengi tunavyokabidhiwa, funguo za milango bila funguo za mashine. Mwandikieni mzabuni barua, na nakala muiweke kwenye faili.

Na kwa wenye kuandika miongozo, hasa Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hoja zangu ni nne, na zote zinaingia katika ukurasa mmoja wa masharti ya zabuni. Kompyuta yoyote inayonunuliwa kwa fedha za umma ikabidhiwe pamoja na maneno yake yote ya siri, na makabidhiano hayo yasainiwe kama tunavyosaini funguo za gari. Isinunuliwe mashine ambayo mwenye mali hawezi kuzima Secure Boot au kuongeza funguo zake mwenyewe. Mashine inayowaka isiandikwe "haifai" mpaka imejaribiwa kwa mfumo endeshi mwingine na matokeo yake kuandikwa. Na nyaraka za serikali zihifadhiwe katika muundo ulio wazi, kama ule wa OpenDocument uliokubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, ili barua iliyoandikwa katika mfumo mmoja isomeke katika mwingine bila kupoteza hata jedwali. Bila hilo la nne, matatu ya kwanza ni mapambo: utakuwa na milango miwili, lakini mafaili yako yote yanapita mlango mmoja tu.

Hakuna hata moja kati ya hoja hizo linalomfukuza Microsoft nchini. Wahasibu waendelee na leja yao, na anayeipenda Windows 11 ainunue na aitumie kwa amani. Ninachopinga ni sisi, wenye mali, kupewa ratiba ya kutupa mali yetu na mtu aliye mbali, na kuitii bila hata kujaribu mlango.

Kikao kile kiliahirishwa. Mwenyekiti alielekeza iandikwe barua ya kuomba kibali cha kuvunja vibandiko, na kamati itakaa tena mwisho wa mwezi huu. Huenda kibali kikaja, huenda kisije, na huenda kikaja baada ya mnada. Nilipokuwa natoka, kijana wa TEHAMA alinisindikiza mpaka getini. Alikuwa bado ameishika ile flashi yangu. Akaniuliza kama anaweza kubaki nayo mpaka kikao kijacho. Nikamwambia abaki nayo hata baada ya kikao.